Mkono wa Kupimia Moto

Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa ndoo, ting, kisha nikasikia maji yakinywewa kwa mafunda marefu gizani. Nilikuwa macho tayari, nimeketi kitandani, gauni la kulalia limenigandama mgongoni. Nilijua ni mama. Nikainuka taratibu nisimwamshe binti yangu, ambaye hulala kando yangu kila baba yake anapokuwa safarini na lori, nikaenda jikoni nikipapasa ukuta.

"Karibu kikaoni," mama akasema bila kugeuka. "Ajenda ni ileile?"

"Ileile."

"Basi wajumbe wametimia. Kunywa maji, tufunge kikao."

Tukacheka puani, tusisikike. Akanipa kikombe, akashika kanga yake kwa ncha mbili akanipepea, akajipepea na yeye.

"Itapita," akasema. "Yangu si ilipita? Siku hizi inanikumbuka mara moja moja tu. Vumilia, mwanangu. Joto likikuona huna habari nalo, linachoka lenyewe."

"Haya, mama."

Nilisema "haya" kwa sababu maisha yangu yote mama amekuwa sahihi. Alisema kweli juu ya uchungu wa kuzaa, akasema kweli juu ya wanaume wanaoahidi sana, akasema kweli juu ya hamira iliyokaa sana dukani. Kwa nini asiwe sahihi kwa hili?

Lakini yake na yangu hazikuja kwa njia moja. Mama ana miaka hamsini na mitatu. Hedhi yake ilianza kuyumba akiwa na arobaini na nane: mwezi huu ipo, mwezi ujao haipo, kisha inarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli wake. Ilimuaga hivyo kwa miaka mitatu, mpaka siku moja ikaenda moja kwa moja. Yeye akachukua vitambaa vyake vyote vya zamani akavifanya vya kufutia sinia za mikate, akasema, "Sasa mimi ni mtu huru. Asiyenijua aje anijue." Kuanzia hapo akawa mwepesi, akaanza kuimba akikanda unga, akajinunulia viatu vyekundu.

Mimi nina thelathini na mbili. Yangu ilikoma siku moja, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, nikiwa nimelala usingizi wa dawa juu ya meza ya upasuaji. Uvimbe ulikuwa umeshika vifuko vyote viwili vya mayai na kizazi. Haukuwa saratani, namshukuru Mungu kila siku. Ila haukubakiza cha kuokoa. Nililala mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nikaamka sijui wa miaka mingapi.

Usiku ule ulikuwa umetimia mwezi wa nne. Kwenye droo ya kabati, chini ya masweta ya mtoto, kulikuwa na bahasha ya kaki niliyopewa hospitali. Ndani yake mlikuwa na viraka vidogo vya dawa vya kubandika kwenye ngozi, na karatasi ya maelezo. Sikuwa nimeifungua. Siku niliyotoka wodini mama aliitazama ile bahasha kama anavyotazama hamira ya mtu asiyemfahamu.

"Dawa ya nini tena? Umeshapona kidonda. Hili lililobaki ni uanamke wetu tu, siyo ugonjwa. Bibi yako hakubandika kitu, mimi sikubandika kitu."

Nikaiweka chini ya masweta. Nilipokwenda kuangaliwa mshono, daktari akaniuliza, "Viraka unatumia?" nikajibu, "Natumia." Nilidanganya bila hata kupepesa macho, mimi ninayemchapa mtoto kwa maneno kila anapodanganya kuwa amepiga mswaki.

*

Tunaoka mikate. Tanuri letu liko nyuma ya nyumba, ni la matofali, la kuni, na halina kipimo cha moto. Kipimo ni mkono. Kuni zikishateketea tunakokota makaa yote nje, tunafuta sakafu ya tanuri kwa gunia lililolowa lililofungwa kwenye mti mrefu, tunaegesha mlango wa bati kidogo ili joto litulie. Kisha mpimaji anaingiza mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, anahesabu. Ukishindwa kabla ya nane, moto ni mkali, mkate utaungua ganda na kubaki mbichi ndani. Ukifika kumi na mbili bado umetulia, tanuri limepoa. Kumi ndiyo yenyewe.

Mama alinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne, na baada ya mwaka mmoja akaacha kupima. "Mkono wa huyu umenipita," aliwaambia wateja. Ilikuwa kweli. Mikate yetu ilikuwa na rangi moja kila siku, kama sare za shule. Sikuwa nimemaliza shule wakati ule, ndiyo maana sasa nasoma masomo ya jioni na watu wenye ndevu. Lakini mkono ulikuwa shahada yangu. Nikiwa na huzuni yoyote, nikiingiza mkono tanurini nilijua kuna kitu kimoja duniani ninachokijua bila kuambiwa.

Tangu upasuaji nilikuwa napoteza vitu. Nilipoteza usingizi. Magoti yalianza kulia ngazini. Darasani mwalimu aliniuliza jambo nililolijua, na neno likasimama mlangoni likakataa kuingia. Mume wangu akirudi safari nilikuwa namgeuzia mgongo, siyo kwa kutompenda. Mwili ulikuwa umekauka na unauma, na nilikosa maneno ya kumweleza. Yeye alikuwa anakaa kimya, ananiwekea mkono begani tu, na hilo ndilo lililokuwa linaniliza zaidi. Na binti yangu, tunayemwita Maswali kwa kuwa hajawahi kusema kitu bila kuuliza, nilikuwa nimeanza kumfokea. Kosa lake ni kuuliza. Siku moja nilimwambia, "Nyamaza, kichwa changu siyo redio!" Akanyamaza siku nzima. Nyumba ilikuwa kama imefiwa.

Nilikuwa na hofu moja niliyolala nayo: kwamba huyu mwanamke mkali, mwenye jasho, asiyekumbuka, ndiye mama atakayekumbukwa na mwanangu. Sina mwingine wa kuanza naye upya.

*

Asubuhi ya siku ile shule ya jirani ilikuwa inafungua muhula, na mwalimu mkuu aliagiza mikate midogo mia moja na ishirini ifike saa moja. Tuliamka mapema, tukawasha, tukakokota makaa. Maswali alikuwa ameamshwa na kelele zetu. Akakaa juu ya gunia la unga, sare yake imejaa vumbi jeupe kabla hata hajaiona shule.

Nikaingiza mkono. Moja, mbili, tatu... kwenye sita nikauchomoa. Jasho lilikuwa linanitiririka kutoka kwenye nywele.

"Mkali mno," nikasema.

Mama akakunja uso. "Mkali vipi? Kuni za leo zilikuwa chache."

"Basi pima wewe."

Akavua bangili, akaingiza mkono wake. Nikamwona anahesabu kwa midomo. Kwenye tano uso ukamng'aa kama aliyepakwa mafuta, akauchomoa mkono, akapuliza vidole.

"Kweli bwana. Huu ni moto wa jehanamu."

Tukafungua mlango wazi. Tukafuta sakafu kwa gunia bichi mara mbili zaidi. Tukasubiri. Nikapima tena, bado naona mkali. Tukafuta mara ya tatu. Mwisho tukaingiza mikate, tukafunga, tukaketi kwenye benchi tukijipepea, kila mmoja akimwamini mwenzake.

Mikate ilitoka myeupe. Ilikuwa imebonyea katikati, imelegea, inanata. Mama akaumega mmoja. Ndani ukavutika kama gundi.

Akaenda kwenye tanuri akaliwekea kiganja ukutani, kwenye tofali la nje. Akalikazia macho tanuri, halafu akanikazia mimi.

"Wewe ulipoingiza mkono, joto lilikuwa limekupanda?"

"Nadhani."

"Nadhani, au lilikupanda?"

"Lilinipanda."

"Na mimi likanipanda palepale nilipoinama! Mungu wangu. Tumepimana wenyewe, tanuri halikuulizwa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, tukiwa na mikate mia na ishirini mibichi mbele yetu na shule nzima inayosubiri. Akampigia simu mwalimu mkuu. "Mwalimu, tanuri limetugomea. Nipe mpaka saa nne. Ndiyo. Waimbishe nyimbo kwanza." Kisha tukamimina unga upya, tukaanza kukanda.

Mikono ikiwa ndani ya unga, mama akasema, bado na kicheko mdomoni, "Basi hii yangu ni ya kwanza tangu Jumapili, na imechagua siku ya shule. Wewe hiyo ni ya ngapi leo?"

"Sihesabu, mama."

"Bibi," Maswali akasema kutoka kwenye gunia, "na zile za usiku zinahesabiwa?"

"Zipi za usiku, mke mwenzangu?"

"Si mama akiamka? Jana si aliamka mara sita? Na juzi si mara saba? Wewe unaamka mara ngapi?"

Mikono ya mama ilipunguza mwendo ndani ya unga.

"Na kwa nini," mtoto akaendelea, "akirudi kulala analia halafu anajifunika mto ili nisisikie? Kwani mimi nilimkosea?"

Ni kweli, mama na mimi tulikuwa tunakutana jikoni mara moja kila usiku. Mara moja ile ndiyo aliyoijua. Alidhani kikombe kikishawekwa juu ya kifuniko cha ndoo, usiku wangu nao umefungwa kama wake. Zile nyingine tano nilikuwa nazimaliza kitandani, nikibadilisha upande wa mto. Na aliyekuwa akizihesabu alikuwa na miaka sita.

Nilimnyanyua mwanangu na unga wangu wote mikononi. "Hujanikosea. Hata kidogo. Umesikia?"

"Sasa ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni mwili tu, haujazoea."

Mama alikuwa amesimama, amekunja ngumi ndani ya unga. Akasema taratibu, siyo kwa sauti ya kikaoni, "Mwanangu, nilikuwa nakupimia kwa mkono wangu."

Nikaenda chumbani nikaileta ile bahasha. Nikaiweka mezani katikati ya unga. Nikamwambia na kuhusu uongo niliomwambia daktari.

"Hata hujaifungua," akasema, akiigeuza.

"Ulisema itapita."

"Nilisema." Akaipangusa unga ile bahasha. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mimi nilikuwa nakusifia godoro. Hii tusiibandike kwa kubahatisha. Kesho tunakwenda kwa huyo daktari, na wewe unamwambia ukweli, na mimi namwambia wangu."

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Hakunigombeza kwa uongo. Alisema tu, "Hamko peke yenu," akaandika.

Mama hakusubiri kuulizwa. "Daktari, mimi na huyu tuna jambo moja. Yangu ilipita bila dawa. Yake mbona haipiti?"

"Mama, yako ilikuchukua muda gani mpaka kukoma?"

"Kama miaka mitatu. Ilikuwa inakwenda inarudi."

"Vizuri. Vifuko vyako vya mayai vilipunguza kazi polepole, na mwili ukajifunza njiani. Wa binti yako ulikatiwa homoni siku moja. Ndiyo maana mara nyingi kwa waliofanyiwa upasuaji mambo huwa makali zaidi: joto, usingizi, moyo kuwa mzito, ukavu. Na yeye ana miaka karibu ishirini mbele yake kabla ya kufika umri ambao wengi hukoma wenyewe. Miaka hiyo yote, mifupa na moyo vinahitaji homoni. Simrudishii ujana. Nampa kile ambacho mwili wake ulipaswa kuwa nacho bado."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo mimi tanuri langu liliachwa lipoe lenyewe. Huyu mlimmwagia maji likiwa na moto."

Daktari akavua miwani. "Tulilazimika kumwaga, mama. Lakini ndivyo."

"Tofali likimwagiwa maji likiwa na moto hupasuka. Lile letu la kwanza lilipasuka hivyohivyo. Mbona hamkuniambia mimi?"

"Tulimwambia yeye."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama kiatu changu.

Daktari alieleza kwamba siyo kila mwanamke anafaa kutumia dawa hizi, ndiyo maana walinipima kwanza. Kwamba kiraka kinabadilishwa mara mbili kwa wiki. Kwamba nisitegemee miujiza ya siku tatu. Kisha akaniuliza kuhusu mambo ya chumbani na mume wangu. Mama akaanza kutazama dari kwa heshima kubwa.

"Nitoke nje?" akauliza dari.

"Kaa tu, mama," nikasema. "Leo ni siku ya ukweli."

Nikasema yote. Ipo dawa ya hilo nalo, kumbe. Nilikuwa nimemgeuzia mtu mgongo miezi minne kwa jambo lililokuwa na jibu.

Tulirudi kwa miguu. Njiani mama akaanza, akasita, akaanza tena. "Mimi yangu ilipokwisha nilipumua. Nilikuwa nimezaa watano, shughuli imekwisha, nikavaa viatu vyangu vyekundu. Nikadhani nawe utapumua. Lakini wewe..."

"Mimi nilikuwa nataka mmoja tena," nikasema.

Sikuwa nimewahi kulitamka. Nilikuwa nimelilaza chini ya masweta pamoja na bahasha. Mama hakusema itapita. Alinishika mkono, ule wa kupimia, tukavuka barabara hivyo kama nilipokuwa mdogo, na tulipofika ng'ambo hakuuachia.

*

Jioni ile nilibandika kiraka cha kwanza chini ya kiuno. Maswali akakiona nikivaa.

"Mama, umeumia?"

"Hapana. Ni dawa."

"Utaitoa lini?"

"Nikikaribia umri wa bibi."

"Kwani bibi ana umri gani?"

"Uliza swali lingine," mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Kuhusu tanuri, mama alitoa amri kwamba mkono upumzike, wangu na wake. Sasa tunachota unga kidogo, tunaurusha kwenye sakafu ya tanuri, tunahesabu mpaka ugeuke rangi ya chai. Anayehesabu kwa sauti ni Maswali, akiwa amesimama nyuma ya mstari wa chaki niliomchorea mbali na mlango. "Unga hauna kisirani," mama anasema. "Ukiiva umeiva." Mwanzoni nilikuwa natazama pembeni unga ukirushwa. Iliniuma kuliko nilivyosema. Kisha nikaanza kuingiza mkono baada ya unga, kimya kimya, nikilinganisha. Siku nyingine mkono na unga vinakubaliana. Siku nyingine bado.

Wiki ya kwanza hakikubadilika kitu. Ya pili nilitaka kukibandua kiraka nikitupe. Mume wangu alirudi safari, nikamketisha nikamweleza kila kitu, hata yule mmoja niliyemtaka tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilidhani umenichoka." Tulikaa hivyo muda mrefu, mabegani tukiwa tumeegemeana.

Mtoto aliendelea na ripoti zake za asubuhi, zote kwa maswali. "Mama, si jana zilikuwa tano?" "Si nne?" Darasani tulifika kwenye somo la uzazi, kitabu kilikuwa kimelimaliza jambo langu kwa sentensi moja: mwisho wa uwezo wa kuzaa. Nikanyoosha mkono nikamuuliza mwalimu, na baada ya mwisho huo kuna nini? Wenye ndevu wakageuka. Mwalimu akasema hajui vizuri, nisome nije niwaeleze. Nimekwisha kuandika kurasa tatu.

Sisemi nimekuwa kama zamani. Magoti bado yananung'unika ngazini, na nikiona mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa mtu, moyo wangu hushuka kabla sijauzuia. Hilo kiraka hakilifikii. Ila nimeacha kufoka. Maswali akiuliza, najibu. Nisipojua namwambia tutatafuta.

Jumapili hatuoki. Jumapili moja, mume wangu akiwa safarini tena, nilifumbua macho nikaona mwanga umeshashika pazia, shuka ni kavu, na upande wa mtoto hakuna mtu. Nilitulia, nikijaribu kukumbuka jikoni, ndoo, giza. Sikukumbuka chochote. Nje ya mlango kikombe cha bati kikagonga ndoo, ting, na nikamsikia mama akinong'ona, "We mke mwenzangu, mbona umeamka peke yako, mama yako yuko wapi?"

Maswali akamjibu kwa sauti ya nyumba nzima:

"Bibi, mama amelala usiku wote."